Mnazi wa Majengo

Majengo, Pumwani, Nairobi
11 Machi 1951

Dada yangu Muhiba,

Nakuamkia, na kwa mdomo wako namwamkia mama. Shikamoo zenu mbili ziko humu ndani, mgawane pasipo ugomvi. Mimi sijambo. Wifi yako Lela hajambo, kile kikohozi cha Januari kimekwisha na sauti yake imerudi yote, majirani ni mashahidi. Nipe hali zenu: magoti yako, macho ya mama, na yule jogoo wenu anayegombea mlango na wageni.

Habari kubwa ni kwamba mimi sasa ni mkulima. Bwana niliyekuwa nikimpikia amerudi kwao Ulaya na mkewe na mbwa wao, nami sikutafuta jiko jingine. Nimechoka kuonja chakula cha watu. Tumekata shauri, mimi na Lela, tule tunachopanda, na dukani tuende kwa ajili ya chumvi, majani ya chai na mafuta ya taa basi. Mwambie mama nimepanda kunde, mchicha, pilipili na mahindi, na kuku ninao. Tena ile nazi aliyoniletea binamu Jumbe alipopanda bara, ya mnazi wangu mwenyewe, imechipua uvunguni mwa kitanda, nami nimeipanda. Mwambie mnazi wangu umepata mtoto huku Nairobi.

Kuanzia hapa usimsomee mama. Kohoa kidogo, uruke.

Shamba lenyewe ni ua wa nyuma, kati ya jiko na choo. Lela alitandika kanga yake juu yake kulipima, kanga ikazidi. Kisichoenea nimekipanda kwenye madebe. Kuku niliosema ninao ni mmoja, na hutaga kwa jirani. Kanzu yangu nyeupe ya kazini nimeivisha mti ili itishe ndege. Ndege hawakutishika, lakini Lela jana magharibi aliisimulia kanzu hiyo habari zote za sokoni, kisha akaja ndani kunisifu kwamba siku hizi nimekuwa msikivu. Kinachotulisha, ukitaka kweli, ni karai lake la maandazi pale mlangoni. Lakini mama ameshazoea kuwaambia watu mwanawe ni mpishi wa Wazungu. Nitampaje mwana mwenye madebe?

Lela anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Twalib


Takaungu
2 Aprili 1951

Ndugu yangu Twalib,

Marahaba. Ya mama nimempa, naye ameipokea kwa mikono miwili. Magoti yangu yako kama ulivyoyaacha, yanalia kabla sijainuka. Jogoo tumemla. Macho ya mama yamezidi utando, mtu akisimama mlangoni humwona kivuli tu, lakini vidole vyake havijazeeka. Anasuka mkeka wa Idi na ukili wake umenyooka kuliko wangu mimi mwenye macho.

Barua yako nilimsomea baada ya alasiri. Nilipofika pale pa kukohoa nikakohoa, akaniletea asali na tangawizi. Nimeinywa. Ni tamu, lakini usinifanye niizoee.

Sasa sikiliza ulichokifanya. Mama ametangaza. Kisimani wanajua, msikitini wanajua, kwenye arusi ya juzi bibi mmoja wa Kilifi aliniuliza kama ni kweli ndugu yangu ana shamba bara. Mama anataka kujua ni ngwe ngapi. Nimemwambia bara hawapimi kwa ngwe. Na lile la mnazi ndilo limemfurahisha kuliko yote, maana unajua ule mti kwake si mti. Aliupanda siku ya arobaini yako ya kuzaliwa pale karibu na kisima, na tangu uondoke kila asubuhi huupapasa shina kabla hajanywa chai. Ukizaa vizuri, husema leo Twalib amekula. Ukiangusha kidaka kisichokomaa, husema Twalib ana homa.

Lakini, mwana wa mama, mnazi Nairobi? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba huko maji ya kutawadhia yanauma mpaka meno.

Njoo umwone. Siandiki zaidi.

Wifi yangu Lela msalimu, na kanzu yako isalimu.

Dada yako,
Muhiba


Majengo
20 Mei 1951

Dada Muhiba,

Nisamehe kwa kuchelewa, masika ilitushika. Sisi wazima. Natumaini mama hajambo na vidole vyake havijambo, na wewe magoti.

Msomee mama hivi: Mvua ni nyingi na shamba limeitika. Mahindi yamenipita kichwa. Mchicha tunachuma hata tunawapa majirani. Maji ya kuoshea vyombo hatumwagi, tunamwagilia. Jivu la jiko tunanyunyiza kwenye majani, wadudu wanakimbia. Maganda ya mayai tunayasaga tunarudisha kwenye udongo. Hapa kwetu hakitupwi kitu. Mnazi una majani matatu. Kuja nyumbani nataka sana, lakini nani atalitazama shamba?

Kohoa.

Mahindi yamenipita kichwa nilipokuwa nimelala chini natafuta mdudu. Kisha mfereji wa mtaa ulifurika ukapita katikati ya shamba langu, ukachukua mchicha wote ukaupeleka kwa wenye nyumba za chini, na hivyo ndivyo tulivyowapa majirani. Nilibaki na debe la pilipili, na mistari miwili ya kunde iliyojishika kwenye ukuta wa choo kwa sababu ilijua mimi siwezi kuiokoa. Kisha akaja mbuzi wa Mzee Hashi, jirani yetu wa nyumba ya pili. Mzee Hashi alikuja kuomba radhi, akatazama shamba, akaniuliza, “Alikula wapi?” Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. “Twalib,” akasema, “mbuzi wangu hawezi kushiba hapa. Wewe ndiye unayemwonea.”

Tumeishi, dada, wala sisemi uongo nikisema tumeishi vizuri. Chai mara moja, maandazi yaliyobaki kwenye karai, kiraka juu ya kiraka. Lela anasema shati langu sasa ni la mafundi wengi. Sina shida. Ila kuja huko nikiwa na mikono mitupu, baada ya miaka yote hii, na Takaungu nzima ikingoja gunia la mahindi kutoka kwangu, siwezi. Hilo usimwambie hata kwa kukohoa.

Twalib


Takaungu
14 Julai 1951

Twalib,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Tumefunga salama, tumefungua salama. Sikuandika muda mrefu. Usiniulize sababu, na ukiniuliza nitasema ni magoti.

Upepo wa kusi mwaka huu umekuwa mkali. Makuti ya jikoni yameng'oka, tumeyarudisha.

Mama anauliza, u mzima? Nimemwambia barua inasema ni mzima. Akaniambia niandike tena: u mzima? Mwilini huna kitu? Jibu hilo kwanza, kabla ya mchicha. Tena amenitaka nikuulize jambo, nami naliandika kama alivyolisema: ulipokuwa mdogo ulianguka, ulianguka kutoka wapi, na ukaangukia nini? Nikamwambia mama, hilo si jambo la kuandikia barua na stempu juu. Akasema, “Andika.”

Barua zako siku hizi ananitaka nizisome mara mbili. Mara ya pili hunishika mkono. Nikikohoa haleti tena asali.

Jibu upesi.

Muhiba


Majengo
5 Agosti 1951

Dada yangu,

Naamkia. Idi yenu na yetu Mungu azipokee. Mwambie mama mimi ni mzima wa afya, mara mbili kama alivyouliza, na ya tatu namwongezea.

Msomee: Kunde tumevuna, zimekauka, zimewekwa ndani. Mnazi ni mrefu, unapendeza, watu wanakuja kuutazama. Ama hilo la kuanguka, mwambie sikumbuki kuanguka popote. Mkulima mkubwa hana nafasi ya mambo ya utotoni.

Kohoa sana hapa, maana ni parefu.

Ninakumbuka vizuri mno, wewe ulikuwa Kilifi mwaka ule huyajui, na ndiyo maana siandiki. Barua hupita mikononi mwa watu. Mtu wa umri wangu, mwenye mvi, aandike yale?

Kunde tulizovuna ni kibaba kimoja. Kimoja, dada. Lela amekitia kwenye chupa juu ya kabati, anawaonyesha wageni. Na mnazi umekufa. Ulianza kugeuka rangi Juni, ukungu ulipokaa mpaka saa nne asubuhi. Nikaufunika gunia. Nikaufunika kanzu. Asubuhi za baridi nikauingiza ndani karibu na jiko la makaa, na Lela akauliza kama naye ataruhusiwa kusogea. Baridi ikauua, mbuzi wa Hashi akauzika tumboni. Wewe uliniambia, nami sikusikia. Mpwani akikaa bara miaka mingi huanza kudhani hata jua linamfuata.

Lakini mama amekwisha kuufurahia. Basi kwa mama bado unaishi, na uendelee kuishi.

Lela anasalimu. Kuku hajambo, bado anataga kwa jirani.

Twalib


Takaungu
9 Septemba 1951

Twalib,

Tumo wazima. Naandika kwa haraka, Jumbe anangoja kuipeleka posta.

Mama anakuja huko. Ukitaka nimwambie asije, nimekwisha kumwambia siku tano na nimeshindwa. Nilipomsomea kwamba hukumbuki ulipoanguka, alikunja mkeka aliokuwa akiusuka, akaingia ndani, akaanza kufunga furushi lake la nguo. Nikamwambia, mama, macho yako, na safari ni ndefu. Akasema, “Jumbe anapanda bara mwezi huu, nitamshika kanzu.” Nikamwuliza unakwenda kufanya nini? Akasema, “Nakwenda kuona shamba la mwanangu.”

Sina la kuongeza. Yapo, lakini amenikataza.

Muhiba


Majengo
17 Septemba 1951

Dada Muhiba, dada yangu, mzuie!

Salamu utazichukua ukipenda. Mwambie Nairobi ina baridi. Mwambie ina joto. Mwambie chumba chetu ni kimoja na paa ni la madebe, mvua ikinyesha hatusikilizani. Mwambie kuna tetekuwanga mtaani. Haipo, lakini Mungu atanisamehe, itakuja siku moja. Mwambie mimi ndiye ninayekuja huko, karibuni, vuli ikiisha, au masika.

Unajua atakachokikuta. Ataniomba nimtembeze shambani, nami nitamtembeza hatua mbili tumefika chooni. Ataniomba nimshikishe mnazi. Nitamshikisha nini, mkia wa mbuzi? Afadhali nilipokuwa mpishi, angalau kilichoungua nilikuwa nakifunika kwa mchuzi.

Lela anacheka tangu asubuhi. Anasema mama akifika atampokea yeye, na mimi nisimame pale uani badala ya kanzu.

Mzuie. Tafadhali.

Twalib


Takaungu
28 Septemba 1951

Twalib,

Barua yako ya kunitaka nimzuie imenifikia leo. Mama na Jumbe waliondoka juzi kwa basi la Mombasa.

Sasa hayupo, ninaweza kukuambia. Mnazi wako ulianguka mwezi wa Juni. Ulikuwa mchana, karibu na adhuhuri, upepo wa kusi ukivuma. Mama alikuwa barazani anasuka, akausikia kabla mimi sijauona. Alitoka peke yake akaufuata kwa mikono, akaupapasa kuanzia kwenye mizizi mpaka kwenye kilele, pole pole, kama anatafuta kitu kilichoanguka nao. Hakulia. Aliniambia, “Usimwandikie Twalib.” Nilidhani hataki kukutia hofu. Ndiyo maana nilikaa kimya mwezi ule wote. Kila nilipochukua kalamu, iliandika mnazi.

Tangu siku hiyo asubuhi hajui mkono wake auweke wapi. Hunywa chai ikiwa imepoa.

Nyumba ni kubwa bila yeye. Jana nimepika chakula cha watu wawili, nikakila chote kwa hasira, na sasa tumbo limeungana na magoti.

Akifika, Twalib, mwache akushike. Hata kama kuna watu.

Muhiba


Majengo
4 Novemba 1951

Dada yangu Muhiba,

Nakuamkia, na leo salamu zinatoka kwa watu watatu. Mama ameketi hapa mlangoni, miguu juani, ananisikiliza ninapoandika. Kila sentensi naisema kwa sauti kwanza, ndipo naiandika. Ndivyo alivyoamuru. Nawe ameamuru uisome kwa sauti barazani mbele ya yeyote atakayekuwapo, bila kukohoa hata mara moja. Ukiwa na kikohozi cha kweli, anasema, ukingoje kiishe.

Jumbe alinitumia telegramu ya siku ya kufika, nikampokea stesheni. Jumbe alimteremsha, nikamwendea, nikasema, “Shikamoo, mama.” Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Akanishika masikio, akashuka mabegani, akanihesabu mbavu, akanifinya mkono, watu wanapita na masanduku yao wanatutazama, mimi nasimama kama beberu anayekaguliwa siku ya soko. Kisha akaniegemea kifuani, akalishika shati langu kwa nyuma asiliachie. Nikadhani ameona nilivyokonda. Nikaanza kumwambia, mama, ni kazi ya shamba, shamba ni kubwa.

Barua yako ya mnazi nilikuwa sijaipata. Ilifika siku mbili baada yake.

Tulimchukulia hamali wa mkokoteni, mizigo ikatangulia, sisi tukafuata kwa miguu mpaka Majengo. Na hapa, dada, nitaandika nililolifanya, maana nikiacha atanifinya. Siku tatu kabla hajaja nilikwenda mtoni nikachimba mkindu, binamu wa mnazi kwa majani. Mchanga, wa kijani, wenye urefu wa kiuno. Nikaupanda kwenye debe lile lile la mnazi. Nilijiambia, macho yake yana utando, ataona kitu cha kijani chenye makuti, atamshukuru Mungu. Lela, ambaye amezaliwa hapa hapa Pumwani na hajui mkindu wala mnazi, aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, wewe niachie mimi, mimi ndiye mtu wa pwani.

Macho niliyafikiria. Vidole sikuvifikiria. Mwanamke aliyesuka mikeka ya ukindu tangu kabla sijazaliwa, nami nimempelekea ukindu nikamwambia ni mnazi!

Alipokwisha kunywa maji akasema, “Nipeleke shambani.” Tukaenda. Tukafika. Alinyoosha mkono huu akagusa ukuta wa jiko, akanyoosha huu akagusa ukuta wa choo. Akasema, “Na mnazi?” Nikamshika mkono nikauweka kwenye jani. Alilipitisha kati ya vidole mara moja tu, kutoka shinani mpaka nchani, na nikaona uso wake wote umebadilika, mdomo unakaza ili usicheke.

“Mashallah,” akasema. “Mnazi wako una miiba.”

“Ni baridi ya huku, mama,” nikasema. “Kila kitu kinajikaza.”

Lela aliingia ndani na kanga mdomoni.

Asubuhi yake nilitoka nikakuta mnazi wangu hauna hata jani. Umebaki kigutu ndani ya debe. Mama amekaa kwenye kibao, ukindu ameuanika juani juu ya gunia, mwingine anauchana kwa kisu cha Lela, mwenyewe anaimba kwa pua. Nikamwuliza, “Mama, mnazi umekuwaje?” Akasema, “Umezaa mkeka.”

Kisha akaacha kuchana. “Kaa chini,” akasema. “Ulipokuwa mdogo ulianguka. Kutoka wapi?”

Nikatazama huku na huku. Mzee Hashi alikuwa ameegemea mlango wake, anasikia. Basi, nikasema yote. Kwamba nilipanda mkanju wa Bi Batulo kumwibia makanju na korosho zake, tawi likakatika, nikaangukia kwenye chungu chake cha uji wa khitima, nikakaa ndani kama mtu aliyekaribishwa, nikazomewa kutoka kule mpaka nyumbani na uji umejaa masikioni. Na kwamba mpaka leo nikipewa uji wa tangawizi nageuza uso. Mzee Hashi alicheka akakaa chini. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta, yakatoka tena, na hayo ya pili hayakuwa ya kicheko.

Ndipo akanieleza. Nakuandikia kama alivyosema, maana wewe pia huyajui.

“Mnazi wako ulianguka,” aliniambia. “Nikaupapasa wote, nikasema, mwanangu amekwenda. Nikamngoja Muhiba aniambie. Muhiba hakusema. Nikajua ananificha. Kila barua ikija anasoma, anafika mahali anakohoa, anaruka. Mtoto yule hakuwa na kikohozi tangu kuzaliwa, anakohoa barua zako tu. Nikasema, anazitunga. Anakaa na karatasi tupu ananitungia mwana mzima ili nisife.”

Nikamwambia, “Mama, lakini ni maneno yangu yale.”

“Yangekuwaje yako?” akasema. “Mahindi yamempita kichwa! Mchicha anagawa! Twalib wangu hata ndevu hakuziotesha kwa wakati wake. Laiti ungeniandikia kwamba shamba limechukuliwa na mfereji, ningelala usingizi. Nikakutegea la kuanguka, lile asilolijua mtu wa kutunga. Jibu likaja, hukumbuki. Basi nikafunga nguo zangu.”

Muda wote ule nilikuwa nikiipaka barua rangi ili mama asione haya kwa ajili yangu, na kadiri nilivyopaka ndivyo alivyonizika. Mimi madebe niliyaficha, na madebe ndiyo yangemwambia ni mimi.

Kisha alilifungua lile furushi lake la nguo. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu, alitoa nazi. Kavu, nzito. Ni ya mwisho, iliyokuwa kileleni mnazi ulipoanguka. Aliipata alipokuwa akiupapasa, akaificha hata wewe usiione.

“Nilikuja nayo,” akasema, “niipande kaburini kwako. Sikutaka kingine. Nilitaka Lela anionyeshe tu lilipo.”

Nililia, Muhiba. Mama anasikia ninapoliandika hili na Mzee Hashi anapita na mbuzi wake, na sioni haya. Nililia kama siku ile ya chungu cha uji, na safari hii hakuna aliyenizomea.

Sasa habari nyingine. Vuli imeanza, nimepanda tena. Mama ameyapanga madebe upya, yanayotaka jua mbele na yasiyotaka nyuma, na yule kuku amemfunga kamba mguuni, tangu juzi anataga nyumbani. Ukindu wa mtoni ni mwingi, na wanawake wa Majengo wamekwisha kujua njia ya mlango wetu, wanakuja kujifunza, wanaondoka na ukili mkononi na andazi kinywani. Anasema hapa padogo panamtosha, kila kitu anakifikia kwa mkono. Kaskazi ikianza kuvuma tutakuja naye sote watatu, huko Takaungu. Mikono yangu itakuwa mitupu. Anasema nije nayo hivyo hivyo, kwa kuwa yeye ndiyo aliyoifuata. Shina la mnazi usilichome. Mwambie fundi alikate, atengeneze kibao cha barazani, mama ataweka mkono hapo asubuhi.

Na ile nazi nilitaka kuiweka. Nikasema tuitundike, iwe ukumbusho, au tuipande, labda safari hii nikiifunika vizuri zaidi wakati wa baridi. Mama na Lela walinitazama kwa pamoja, mmoja kwa macho na mmoja bila macho.

“Twalib,” mama akasema, “imetosha.”

Lela akaishusha ile chupa kutoka juu ya kabati, kibaba chetu cha kunde, mavuno yote ya shamba langu la mwaka mzima. Akaacha konzi moja ya mbegu. Nazi akaivunja kwenye jiwe la mlangoni, maji yake akanywa mama. Ilikuwa nzima, nyeupe, haina kasoro, na tui lilitoka zito. Tukalitia kwenye kunde, tukala uani kati ya jiko na choo, magoti yanagusana kwa udogo wa shamba.

Nimekula nazi ya kaburi langu, dada, nikaomba niongezewe.

Mdogo wako aliye hai,
Twalib